Simu Iliyohamia Ndani ya Wavu

Atupele ameniomba niandike habari za kazi kabla sijaanza kuzisahau, kwa ajili yenu mnaoingia ofisini sasa na kukuta kila kitu kinakwenda. Nimekubali kwa sharti kwamba sitagusa vyeo wala mshahara. Vyeo nilipewa mara tatu na kazi ikabaki ile ile, na mshahara kila mmoja wenu anaujua. Nitaeleza jinsi programu yetu ya kusoma mistari ya bidhaa ilivyofika hapa ilipo, na niseme mapema kwamba kuna wakati ilikuwa imeshakufa. Kilichoifufua ni duka dogo la mtaa wa Sogea, la mama mmoja ambaye macho yalikuwa yanamwishia na mwanawe alitaka kulifunga. Duka lile ndilo lililokuwa maisha yake. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, kwa hiyo mtaniwia radhi mkiona napendelea.

Mimi ni Silwimba, mtoto wa mkulima wa kahawa wa Isansa. Nilikuja Tunduma kijana, nikapata kazi ya stoo kwenye duka la jumla karibu na mpaka. Siku ya kwanza nilipokelewa na mkuu wa stoo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kupanga malori, Mama Namonje. Alinikabidhi kalamu, daftari na ufagio, akaniambia kati ya hivyo vitatu nisipoteze ufagio.

Asubuhi ile ile akaja mteja kutoka ng'ambo ya mpaka, akaulizia kitu kwa Kibemba. Mimi nilikuwa na Kinyiha changu na Kiswahili cha shule, basi nikamjibu kwamba hatuna. Mama Namonje akatokeza nyuma ya magunia, katoni begani.

"Silwimba, umejuaje kwamba hatuna?"

"Sijaelewa alichotaka, mama."

"Basi sema hujaelewa. Muulize kinafanya kazi gani, akuonyeshe hata kwa mikono. Jina la kitu ni lile analolitaja mteja. Lililoandikwa kwenye katoni ni la kiwanda, na kiwanda hakiji kununua hapa."

Yule mteja alitaka viberiti, na tulikuwa na katoni kumi na tatu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Somo hilo nimelitumia miaka zaidi ya thelathini, na kama mtasahau mengine yote humu, hilo bakini nalo.

Sitawachosha na miaka ya stoo. Ilikuwa ni kupokea, kupanga, kutoa, na kubishana na madereva. Mama Namonje aliacha kazi kabla yangu, akafungua duka lake Sogea. Mimi nikarithi meza yake, ambayo mguu mmoja ulikuwa umeshikiliwa na tofali. Katika miaka hiyo simu zikabadilika mbele ya macho yetu. Mwanzoni ilikuwa vitochi, unapiga na kupokea na kumulika njia. Kisha simu za kupapasa zikaanza kuonekana kwa wafanyabiashara wakubwa, halafu kwa makondakta, halafu siku moja akaja mfugaji kutoka bonde la Momba, rubega begani na fimbo mkononi, akatoa simu kubwa kuliko ya bosi wangu na kunionyesha picha ya dawa ya kupe aliyokuwa anaitafuta. Aliichaji kwa sola juu ya bati. Nikajua mambo yamegeuka.

Atupele alitokea wakati huo. Alikuwa binti aliyesoma kompyuta, akarudi nyumbani akiwa na wazo kwamba mteja aelekeze simu kwenye ile mistari myeusi ya kwenye pakiti, wengine mnaiita bakodi, na simu imwambie hicho ni kitu gani, cha uzito gani, na katika mji huu kinapatikana wapi kwa bei nzuri zaidi. Alikuja stoo kwetu kupiga picha mistari ya kila bidhaa. Bosi akanituma nimsimamie asije akaiba. Mwisho wa wiki mimi ndiye niliyemfuata, nikaacha stoo na kwenda kufanya kazi kwake. Mke wangu aliuliza kama nimerogwa. Nikamwambia nimechoka na meza yenye tofali.

Kazi yangu ilikuwa kujua bidhaa. Mashine ilijua namba, mimi nilijua kwamba sabuni moja, rangi moja, harufu moja, huja na mistari miwili tofauti kwa sababu nyingine imeingia kwa upande wetu na nyingine imezunguka ng'ambo. Atupele aliona ni kosa la mashine, akahangaika nalo siku mbili. Nikamletea vipande vyote viwili na kuviweka mezani. Alichukua chai yake akanywa.

Siku ya kwanza ya kwenda mitaani tulivaa fulana zinazofanana na kubeba simu mkononi. Kwa mtu mwingine huo ni unadhifu. Kwa Tunduma, watu wawili wenye fulana sare wanaoingia dukani na kumulika bidhaa ni watu wa mapato, au wa viwango, au wa kukamata magendo, na hakuna anayesubiri kujua ni wepi kati ya hao. Tulipofika duka la tatu, mtaa mzima ulikuwa umeshusha milango. Duka moja lilifungwa na mteja akiwa ndani. Tulimsikia akigonga.

Tukavua fulana. Hapo tukakutana na tatizo kubwa zaidi, ambalo mimi, mtu wa maduka maisha yangu yote, nilipaswa kuliona na sikuliona. Programu ilitengenezwa kwa duka ambalo mteja anatembea katikati ya rafu na kushika anachotaka. Duka la kwetu lina wavu wa chuma. Mteja anasimama nje, muuzaji yuko ndani, na bidhaa ziko nyuma ya mgongo wa muuzaji. Ili usome mistari ya sabuni, lazima umwombe muuzaji akuletee, uimulike, halafu, kama simu imekuambia kwingine ni nafuu, umrudishie. Jaribuni nyinyi.

Sisi tulijaribu kwa Mama Namonje. Nilidhani kwa heshima ya zamani atatupokea. Tulifika asubuhi na mapema, kabla ya mteja yeyote, na hilo lilikuwa kosa langu la pili. Mnajua wenyewe mteja wa kwanza alivyo. Ndiye anayefungua duka, na akiondoka mikono mitupu, siku nzima imeharibika. Hata watu tunaosali kila Jumapili tunaliamini hilo kuanzia Jumatatu.

"Shikamoo mama," Atupele alisema. "Naomba kuona majani ya chai, yale ya pakiti ndogo."

Mama Namonje akapitisha pakiti kwenye tundu la wavu. Atupele akaimulika, akatabasamu, akairudisha.

"Ahsante mama, nilikuwa naangalia tu."

Mama Namonje akaipokea ile pakiti. Kisha ile sauti ya kupanga malori ikatoka.

"Unaangalia tu? Umenifungulia duka kwa kunirudishia mali? Silwimba! Huyu mtoto umemtoa wapi? Toeni hela, nunueni chochote, hata kiberiti, na msirudi hapa na hilo dude lenu!"

Tukanunua kiberiti. Habari ikasambaa Sogea yote kabla hatujafika barabarani, na kufikia mchana hapakuwa na duka lililotaka kutuona. Tulikwenda hadi Ibaba, Ileje, tukidhani milimani watu ni wapole. Ni wapole kweli. Walitukaribisha viazi, wakatuonyesha kichuguu ambacho ukisimama juu yake mtandao unapatikana, wakatuuliza kama mtu anayetaka chumvi apande kwanza kichuguu. Atupele akaandika upya nusu ya programu ili isome bila mtandao. Watumiaji wetu walibaki kuwa mimi, yeye, na mama yake mzazi. Akaanza kuzungumzia kufunga ofisi na kutafuta kazi ya kufundisha.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinanisumbua tangu asubuhi ile ya kiberiti. Pakiti aliyotupa Mama Namonje haikuwa majani ya chai. Ilikuwa tangawizi ya unga. Atupele hakugundua kwa sababu alikuwa anatazama bei tu kwenye simu. Mimi niligundua, na nikajiambia mama amekosea kwa haraka. Mama yule, katika miaka yote ya stoo, sikuwahi kumwona akikosea kwa haraka.

Nikarudi peke yangu, mchana, wateja wakiwa wameshapita wengi. Alinitambua kwa sauti. Nikamuuliza moja kwa moja, na yeye, kwa kuwa hajui kuzunguka, akanijibu moja kwa moja.

"Presha ya macho, Silwimba. Daktari amesema kilichokwenda hakirudi. Naona kivuli na mwanga. Zamani kila kitu kilikuwa na umbo lake, nashika tu najua. Siku hizi kila kitu wamekitia kwenye kinailoni, na vinailoni vyote ni ndugu."

"Sasa unauzaje?"

"Nakisia."

Wiki ile kukisia kulikuwa kumemfikisha pabaya. Mama mmoja muuza maandazi alikuja kutaka hamira, akapewa pakiti ya sumu ya panya. Bahati nzuri aliisoma kabla ya kuichana. Alikuwa muungwana, akairudisha bila kelele, lakini akampigia simu Enock. Enock ni mtoto wa Mama Namonje, mwalimu huko Vwawa, na mtu mpole kupita kiasi, ila safari hii alikuwa ameamua. Mwisho wa mwezi angekuja na gari, ahamishe bidhaa, afunge duka, amchukue mama akakae naye.

"Ana haki," Mama Namonje alisema. "Ningekuwa mimi ningefunga siku hiyo hiyo. Lakini Vwawa nitafanya nini? Nikae kwenye kochi nisikilize redio mpaka nife?"

Sikuwahi kumwona akilia, na siku ile pia hakulia. Mimi ndiye niliyelia, njiani, nikijifanya vumbi la malori limeniingia.

Nilimkuta Atupele anapanga vitabu kwenye boksi. Nikamwambia habari za macho ya mama, na kwamba tumeiweka simu upande usiofaa wa wavu. Mteja hana shida ya kujua kitu ni nini, anakijua kabla hajatoka nyumbani. Mwenye shida yuko ndani. Atupele akanitazama, akauliza macho ya mama yamebaki kiasi gani, kisha akaanza kuvitoa vitabu kwenye boksi.

Tulikuwa na wiki tatu. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea kijiti cha kushikia simu juu ya kaunta ili mama abaki na mikono yote miwili. Cha kwanza kilikuwa kirefu mno, simu ikawa inasoma dari. Pakiti zilizokunjika zilikuwa hazisomeki, mama akajifunza kunyoosha mistari kwa kidole gumba. Saa sita jua liliingia dirishani na kung'arisha nailoni, tukatundika kipande cha kanga. Kila bidhaa ya duka lile tuliandika upya, mimi na mama, na hakuruhusu kitu kiingizwe kabla hajakishika mwenyewe.

Sauti ndiyo ilitutoa jasho. Simu ilikuwa na sauti yake ya kusomea, ya mwanamke aliyejifunza Kiswahili kwenye ndege.

"Huyu ni nani?" Mama Namonje aliuliza.

"Ni mashine, mama," alisema Atupele.

"Anatamka chumvi kana kwamba haijawahi kuingia kinywani mwake. Simtaki dukani kwangu. Silwimba aseme yeye."

Basi mimi nikasema. Nilirekodi kila jina nikiwa nimejibanza katikati ya magunia ya mahindi kwenye stoo ya rafiki yangu, kwa sababu magunia humeza kelele. Hayamezi honi. Chumvi ya nusu kilo ina lori ndani yake mpaka leo. Na majina yalikuwa yale ya wateja. Niliposema "sabuni ya unga, gramu mia tano," Mama Namonje, aliyekaa kando akisikiliza, alinikatiza: "Nani anaomba hivyo? Sema ile ya bluu, ya nusu." Kwa sumu ya panya, nilisoma kwa sauti ya kawaida, akakataa.

"Piga kelele."

"Mama, wateja watashtuka," Atupele alisema.

"Washtuke. Sumu haina adabu."

Nikapiga kelele. Mwenye stoo alikuja mbio na koleo.

Jambo la mwisho ndilo tulilogombania kweli, mimi na Atupele, na nataka mlijue kwa sababu mnalikuta kwenye programu na kudhani lilikuwepo tangu mwanzo. Simu ilipokutana na mistari isiyosomeka vizuri, au bidhaa ambayo haikuandikwa, Atupele alikuwa ameipanga iseme kitu kilicho karibu zaidi. "Huenda ni hamira."

"Toa hiyo huenda," nilimwambia.

"Mzee, programu ikisema haijui, watu wataona ni mbovu. Hakuna anayenunua kitu kinachosema sijui."

"Binti yangu, yule mama amekaribia kuua mtu kwa huenda. Tumempelekea simu ili aache kukisia, halafu simu nayo ikisie?"

Alikasirika, nami nikakasirika, tukala chakula cha mchana kila mtu kwenye kona yake. Jioni akanipa karatasi yenye neno moja nikarekodi: "Sikitambui." Nililisema taratibu, bila aibu.

Enock akaja Jumamosi asubuhi, na gari dogo la mizigo alilolikodi, kamba na maturubai ndani. Alinisalimia vizuri, akaingia kwa mlango wa nyuma, akasimama kando ya kaunta. Atupele alikuwa amejibanza pembeni, anang'ata kucha. Nje ya wavu wateja watatu, wanne, wanasubiri na kusikiliza, maana Sogea hakuna siri.

"Mama, nimesikia mna simu," Enock alisema. "Nafurahi. Lakini mimi nataka kuona."

"Ona. Nipe chochote."

Akachukua pakiti kwenye rafu, akampa. Kidole gumba kikanyoosha, pakiti ikapita chini ya simu, na sauti yangu ikasema: "Hamira, ndogo." Akampa nyingine. "Majani ya chai, ya mia." Akatafuta kwa makusudi, akaipata aliyoitaka, akampa bila kusema neno. Sauti yangu ikapasuka: "SUMU HIYO! WEKA CHINI!" Mteja mmoja nje aliangusha ndoo. Enock mwenyewe aliruka, na nikaona anataka kucheka ila anajizuia.

Kisha akampa pakiti ndogo, ya kung'aa. Mama akaipitisha.

"Sikitambui."

Akainyoosha, akaipitisha tena. Atupele alifumba macho. Mimi nilizitazama rafu, kwa sababu tulikuwa tumeandika kila kitu, kila kitu, na nilijua sauti ile ni yangu na sikuweza kuiambia ibadilishe jibu.

"Sikitambui."

"Unaona, mama," Enock alisema, kwa upole kabisa. "Sasa mteja yuko dirishani anasubiri. Ungempa au usingempa?"

Mama Namonje aliishika pakiti ile muda mrefu. Aliitikisa, akainusa. Nilimwona anajua karibu kabisa ni nini, lile neno liko mdomoni. Akaiweka juu ya kaunta na kuisukuma mbali.

"Sijui ni nini. Siuzi nisichokijua," alisema. Kisha akamgeukia mwanawe, macho yakiwa juu kidogo ya kichwa chake. "Lakini hiki najua: hakikutoka kwenye rafu yangu. Hapa ndani hakuna kitu ambacho mimi na Silwimba hatujakishika. Umekuja nacho mfukoni, Enock."

Enock akanyoosha mkono. Akaichukua ile pakiti, ilikuwa biskuti za mtoto wake mdogo, akairudisha mfukoni pole pole. Alitazama ile simu juu ya kijiti chake, akatazama kanga ya dirishani, akatutazama sisi wawili.

"Nilitaka kujua kama utakisia," alisema.

"Nimekuelewa, mwanangu. Hukukosea kutaka kujua."

Mimi nilikuwa nimeshaenda nyuma ya magunia ya sukari, na safari hii hapakuwa na lori la kusingizia. Nikiwa huko nikasikia sauti ya mwalimu wangu, ile ile ya siku zote, ikitoka juu ya kaunta.

"Haya, hilo gari lako limeziba dirisha. Lisogeze, wateja hawanioni."

Enock akachukua funguo, akatoka kwenda kulisogeza.